Kamera Ilikoma Kabla Roketi Haijaruka

Picha yenyewe mnaijua, hata kama jina la mtu limewatoka. Bwana mmoja amevaa koti zito na kofia, buti zake ziko kwenye theluji, mkono mmoja umeshika fremu ya mabomba membamba. Ndani ya fremu kuna kitu kirefu chembamba ambacho fundi bomba yeyote wa mjini angesema kimeungwa na mwanagenzi. Bwana huyo ni Robert Goddard, mahali ni shamba la jamaa yake huko Auburn, Massachusetts, na kitu hicho ndicho roketi ya kwanza duniani kuruka kwa fueli ya kimiminika: petroli, pamoja na oksijeni iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika.

Wengi huiangalia wakidhani wameona safari. Hawajaiona. Picha ilipigwa kabla.

Tarehe 16 Machi 1926 walikuwapo watu wanne tu: Goddard, fundi wake Henry Sachs, mwalimu mwenzake Percy Roope, na mkewe Goddard, Esther, ambaye ndiye aliyepewa kamera. Ilikuwa kamera ya Kifaransa, ya kutia ufunguo, na ukishaijaza inakwenda kama sekunde saba kisha inasimama. Sachs akawasha, Esther akabonyeza, roketi ikanguruma lakini haikuondoka, maana ilikuwa bado nzito kwa fueli iliyojaa tumboni mwake. Ikanguruma papo hapo mpaka ufunguo wa kamera ukaisha. Ndipo ikapanda. Iliruka sekunde mbili na nusu, ikafika kimo cha mita 12 na ushei, ikaangukia mita 56 kutoka pale ilipoanzia. Tunayajua hayo kwa sababu Goddard aliyaandika. Picha hakuna.

Kisa hiki nilikielewa vizuri kuliko wenzangu darasani kwa kuwa nimekulia katika studio ya ami yangu, Malindi, enzi zile ambapo filamu ilikuwa na nafasi thelathini na sita, na mtu alizigawa kama mchele wa mwisho wa mwezi: mbili za arusi, moja ya mtoto akianza kusimama, moja ya marehemu akiwa bado hai, na zilizobaki zikae kwanza, maana Idi haiko mbali. Chumba cha giza kilikuwa na taa nyekundu na harufu kali ya siki, ile dawa ya beseni la kati inayoizuia picha isizidi kuiva, na vidole vya ami vilikuwa na rangi ya kahawia isiyotoka kwa sabuni. Tuliyaning'iniza makaratasi kwa vibanio vya nguo, yakichuruzika, na mteja akija kabla ya siku yake aliambiwa arudi Alhamisi. Alhamisi akija, mara nyingine alikuta vichwa vimekatwa.

Leo simu yangu imejaa picha. Nyingi sijazitazama tena tangu nizipige.

Esther Goddard hakubaki mpiga picha wa siku moja. Mwaka 1930 walipohamia Roswell, New Mexico, kwa fedha za ukoo wa Guggenheim, kazi ya kupiga picha na sinema za majaribio ilikuwa yake, na filamu aliziosha mwenyewe. Akimaliza kupiga, kama roketi imeangukia nyasi kavu, aliwafuata wanaume kwenda kuzima moto. Mimi nikisoma habari hizi humfikiria yeye kuliko mumewe. Mumewe anaonekana katika karibu kila picha. Yeye hayumo, maana kamera alikuwa ameishika yeye. Na baada ya Goddard kufariki Agosti 1945, mjane huyo alikaa miaka mingi akipanga daftari na picha zile, mpaka mwaka 1970 zikatoka nyaraka za Goddard katika vitabu vitatu vikubwa.

Kufikia hapo roketi zilikuwa zimeanza kupiga picha zenyewe. Tarehe 24 Oktoba 1946 Wamarekani walirusha V-2 ya Kijerumani waliyoiteka vitani, kutoka White Sands, New Mexico hiyohiyo, ikiwa na kamera ya sinema iliyopiga picha moja kila sekunde moja na nusu. Ilipanda kama kilomita 105, ikarudi chini bila breki. Kamera ilisagika. Filamu ilikuwa ndani ya mkebe wa chuma, ikapona, na walipoiosha waliuona mviringo wa dunia, mbingu nyeusi juu na mawingu chini. Na wao walingoja dawa ikauke.

Sisi wa pwani tulikuwa na ya kwetu. Wataliani wa Profesa Luigi Broglio walisimamisha majukwaa yao ya San Marco na Santa Rita katika Ghuba ya Ungwana, miguu ya chuma baharini mbele ya Ngomeni, na kati ya 1967 na 1988 satelaiti tisa zilipaa kutoka pale. Iliyovuma zaidi ni ya tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilitimiza miaka saba ya uhuru, na ikapewa jina hilohilo, Uhuru. Ndiyo satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kutazama miale ya eksirei inayotoka angani. Vitabu vya sayansi vinaitaja hadi leo kwa jina la Kiswahili.

Katikati ya miaka ya sabini kijana mmoja wa Ngomeni alituletea filamu. Alisema amepiga roketi, na hakutaka kungoja Alhamisi. Ami akaiosha jioni ileile, nami nikishika beseni. Ilipoiva ulionekana ukingo wa ngalawa, bahari nyingi, mbingu nyingi zaidi, na upande wa kulia mstari mweupe mwembamba, usiozidi ukucha.

"Mzee, mbona ni mkwaruzo?"

"Hiyo ndiyo roketi yako, mwanangu. Ilikuwa mbali, na wewe ulikuwa unatetemeka."

Alilipa, akaichukua.

Sasa nakaa sebuleni naangalia roketi za kampuni ya SpaceX zikiruka, kamera zimefungwa ubavuni mwake, na mwezi Machi 2024 roketi yao ya Starship ikirudi kutoka angani niliuona moto wa zambarau ukiilamba mabawa, picha ikinijia papo hapo. Roketi ikilipuka, tunacho kila kipande kilichoruka. Wajukuu hutazama dakika moja, kisha huomba katuni.

Siwezi kusema hilo ni hasara tupu. Januari 1986 chombo cha anga cha Challenger kilipovunjika sekunde ya 73, hakuna jicho la mtu lililoona kilichoanza. Filamu za uwanjani zilipooshwa ndipo ukaonekana moshi mweusi ukitoka kwenye kiungo cha roketi saidizi ya kulia, hata sekunde moja haijatimia tangu iwashwe. Watu saba walikuwa wamekwisha kufa. Kamera nyingi, tena zinazoonwa saa ileile, ni jambo la kushukuru, na anayelilia zama za vichwa kukatwa hakuwahi kumrudishia mteja pesa zake.

Ila nimeona kitu kimoja. Katika picha za zamani za roketi kuna watu. Goddard ameishika fremu. Ile ya Bumper 8, roketi ya kwanza kurushwa kutoka Cape Canaveral, Julai 1950, mbele kabisa wamesimama wapiga picha na vifaa vyao, karibu mno kwa akili za leo. Picha za siku hizi ni safi, rangi zote zimo, na ndani yake hamna mtu. Wapiga picha wamewekwa kilomita kadhaa nyuma, na ni haki yao kubaki hai. Hata hivyo nazitazama bila kujua ni nani aliyekuwa na hofu siku ile.

Picha za San Marco nilizoziona vitabuni ni za wenye mradi. Za wapishi, manahodha na wavuvi wetu zimo makabatini mwenu, ndani ya bahasha za studio ambazo nyingi zimefungwa, na unyevu wa pwani unazila. Ukungu ukishaota juu ya negativu ni vigumu kuutoa. Kama mnayo picha moja, hata kama ni mstari mweupe tu juu ya bahari, itoeni sandukuni mkaiweke pakavu. Nyuma yake andikeni kwa penseli, si kwa wino: nani alipiga, alikuwa amesimama wapi, na mwaka gani.