Samaki wa ziwa ndani ya beseni la vioo

Ndugu wasikilizaji, nanyi jamaa mliohama makwenu, mmezoea kunisikia nikitoa habari za mafuriko na usalama. Leo nawaelezea jambo la nyumbani kwangu hapa Uvira.

Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika, dada yangu mkubwa alipoteza nyumba. Alikuja kwangu na watoto wanne. Kitinda mimba wake, mwenye miaka minane, alikuwa hasemi sana. Siku moja mvuvi akampa makombe matatu ya konokono yaliyonaswa na wavu. Ndani ya kila kombe mlikuwa na samaki mdogo kuliko kidole. Samaki hao wa Tanganyika huishi hivyo: kombe tupu ndiyo nyumba yao, na jike hutaga mayai humo.

«Mjomba, tuwafuge,» akasema.

Nilifurahi kumsikia akiomba kitu. Tukatafuta beseni la vioo, tukalijaza maji ya bomba. Asubuhi yake samaki wote watatu walikuwa wamekufa. Mtoto aliwatazama, kisha akaniuliza: «Ni maji tena?»

Sikuwa na jibu. Nikaenda kwa mwalimu wangu wa zamani wa biolojia. Aliniambia ukweli: maji ya bomba hutiwa klori ili kuua vijidudu vya kipindupindu. Klori inatulinda sisi watu, lakini samaki inamchoma matamvua.

Mara ya pili tulichota maji ya ziwa kwa bidoni. Maji ya Tanganyika yana magadi, pH yake inakaribia 9, na samaki wake hawayawezi maji ya mvua. Siku nne walikuwa wazima. Siku ya tano wakapanda juu, wakitweta. Mwalimu akaeleza: chakula kilichobaki na uchafu wa samaki hutoa amonia, na katika maji yenye magadi sumu hiyo inazidi ukali. Wako bakteria wazuri wanaoivunja, ila huchukua mwezi mmoja au zaidi kuzoea mahali. Mimi nilikuwa nasugua beseni na kuosha sponji ya pampu kwa sabuni kila siku. Nilidhani ni usafi, kumbe nilikuwa nawafukuza waliokuwa wanatusaidia.

Tukaanza upya, polepole. Mchanga chini, makombe juu yake, samaki wawili tu, chakula kidogo sana. Kila juma tulitoa sehemu moja ya tano ya maji na kurudishia maji mapya ya ziwa. Sponji tuliisuuza ndani ya maji yale yaliyotolewa.

Kisha umeme ukakatika. Pampu ikisimama, hewa inapungua majini. Usiku kucha mtoto na mimi tulipokezana kuchota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu ili yaingize hewa. Usiku ule ndipo aliponisimulia jinsi maji yalivyoingia nyumbani kwao. Sikumkatiza. Kulipokucha samaki walikuwa hai.

Dada alipopata chumba cha kupanga, hakukuwa na umeme huko. Tulibeba samaki pamoja na makombe yao hadi kwa mvuvi yule yule, akatuonyesha mahali alipowatoa, tukawarudisha. Mtoto hakulia. Alisema: «Hawa wana pa kurudi.»

Wazazi, mkitaka kufuga samaki kwa ajili ya watoto, anzeni na maji kabla ya samaki. Msibadilishe maji yote kwa mara moja. Na yale ya klori mliyogawiwa, kunyweni. Samaki mwekeeni ya ziwa. Mtoto wenu akiuliza kwa nini samaki amekufa, msimwambie ni bahati mbaya. Tafuteni sababu pamoja naye. Huenda swali lake si la samaki.