Jina Lililotuponza

Watu wa rika langu katika kazi hii tuliingilia mlango wa UKIMWI. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, vituo vya ANGAZA vilipokuwa vikifunguliwa Tanzania, kazi ilikuwa na jina refu: ushauri nasaha na upimaji wa hiari. Kwa kazi ile jina lilifaa. Mtu alielezwa jinsi virusi vinavyoambukiza, akapimwa, akapewa majibu, kisha akaambiwa la kufanya: atumie kondomu, amlete mwenzi wake, awahi kliniki. Baadaye wengi wetu tulihamia kwenye ndoa, misiba, ulevi na ugomvi wa mirathi, tukahama na lile jina kama tulivyohama na mikoba yetu. Hapo ndipo tulipokosea. Ushauri ni shauri, na nasaha nayo ni shauri. Jina linaahidi mara mbili kitu ambacho mtu wa saikolojia anajitahidi asikitoe. Miaka yangu iliyofuata kazini imekwenda katika kulipa deni la jina hilo.

Mteja huja kutafuta hukumu, kwa kuwa ndiyo aliyoahidiwa mlangoni. Hasemi ana sonona. Hilo ni neno la vitabuni na redioni. Anasema "nina mawazo", usingizi hakuna, kifua kinabana, halafu anauliza: nimwache au nisimwache? (Washona wa Zimbabwe nao husema kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, kwa hiyo si sisi peke yetu tunaougua kwa kuwaza.) Ukimjibu "mwache", umemtua mzigo, lakini wepesi huo utamfikisha kituo cha daladala tu. Kinachosaidia ni kazi ya polepole, ya kalamu na karatasi. Yale mawazo yanachambuliwa kama mchele kwenye ungo: hili linatatulika, hili halitatuliki, hili halina uzito wa kumnyima mtu usingizi. Linalotatulika linapunguzwa mpaka lishikike. "Ndoa imenishinda" halishikiki. "Haachi pesa ya matumizi mpaka nimwombe mbele ya watoto" linashikika. Kisha mteja, si mimi, anataja kila njia inayomjia, hata ya kipuuzi, anachagua moja, na anasema ataifanya lini: Jumanne, baada ya chakula cha usiku, watoto wakishalala. Wiki inayofuata tunaanzia hapo: Jumanne ilikwendaje?

Utasema mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Basi niache yangu, niseme ya Nairobi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwahusisha wanawake 421 wa mitaa ya kipato cha chini, waliokwisha kupitia ukatili wa kijinsia. Baadhi yao walipewa vikao vitano vya namna hii, kila kimoja dakika 90, na wahudumu wa afya ya jamii ambao hawakuwa wataalamu wa afya ya akili. Wengine walielekezwa kwa wauguzi wa vituo vya afya. Miezi mitatu baadaye, dhiki ilikuwa imepungua zaidi kwa waliopata vile vikao. Harare, matokeo ya mwaka 2016 yalikuwa makubwa zaidi. Kwenye mabenchi ya nje ya zahanati, wahudumu waliofundishwa mbinu hiyo walikaa na wagonjwa, wakiendeleza kazi aliyoianza daktari Dixon Chibanda na akina bibi wa mtaa wa Mbare mwaka 2006. Baada ya miezi sita, wenye dalili za sonona walikuwa takriban 14 katika kila 100, dhidi ya karibu 50 kwa waliopata huduma ya kawaida.

Pingamizi ninalolisikia zaidi ni kwamba tunao wazee, tunao akina somo, mashehe na mapadri, hizi saikolojia za nini? Lakini hao akina bibi wa Harare ni wazee! Walichoongezewa ni kuuliza kabla ya kuamua. Mzee wa ukoo, kwa busara yake yote, mara nyingi ni mhusika: mshenga aliyeifunga ndoa ana heshima yake ya kulinda ndani ya ndoa hiyo. Wengine husema njaa haitibiwi kwa maneno. Ni kweli, na ndiyo maana ule ungo una fungu la yasiyotatulika. Mtu akiacha kujilaumu kwa bei ya unga, hubakiwa na nguvu ya kushughulikia deni la kikoba. Pingamizi la tatu ndilo lenye meno, na hapo ninasalimu amri. Mwanamke akitishiwa kuuawa, kuuliza-uliza maswali ni uzembe. Hapo natoa shauri waziwazi: nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, leo, na usirudi kulala nyumba ile.

Jina la kazi halitabadilika, limeshazoeleka na limeandikwa kwenye vibao. Nawe msomaji ukija, usije kuniuliza umwache au umrudie. Njoo na tatizo moja dogo unaloweza kulitaja, na siku ya wiki ambayo una nafasi.