Bastola Tatu na Debe la Mawese

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Mimi niliyefanya kazi ya uaskari kwa zaidi ya miaka ishirini, sehemu kubwa katika mwambao wa Ziwa Tanganyika kati ya Rumonge na Nyanza-Lac, niliufahamu usemi huo usiku mmoja wa mwaka 1987. Nilikaa nao moyoni kwa muda mrefu, na aliyejua habari yake ni mke wangu peke yake. Kwa kuwa wengi wa wasomaji wa ukurasa huu ni askari na jamaa zao, naona si haki niendelee kunyamaza.

Jambo lililonifungua kinywa ni safari yangu ya Ubelgiji kumtembelea kijana wetu. Anaishi karibu na mji wa Liège, na burudani yake ya Jumamosi ni kulenga shabaha. Jirani na hapo ndipo ulipo mji wa Herstal, wenye kiwanda cha silaha cha FN kilichoanzishwa mwaka 1889. Bastola ya Browning niliyoifunga kiunoni ujanani ilizaliwa huko. Kijana akaniambia, "Baba, twende leo ukawaonyeshe watu shabaha ya askari wa zamani." Nikacheka, nikakubali.

Sisi tulizoea kulenga nje, ukingo wa udongo ukiwa nyuma ya shabaha. Huko ni ndani ya jumba. Kila mlengaji ana kibanda chake, na karatasi ya shabaha hupelekwa mbele na kurudishwa kwa waya. Mashine kubwa huvuta moshi na vumbi la risasi. Tulivaa vizibo vya masikio na miwani, kwa maana ndani ya kuta nne mlio mmoja tu waweza kumwumiza mtu. Mwalimu wa ukumbi akaweka mbele yangu bastola tatu, moja baada ya nyingine, akaniomba nizilinganishe.

Ya kwanza ilikuwa Browning ya mwaka 1935, ile iitwayo High Power. John Browning aliianza, naye akafa mwaka 1926 kabla haijakamilika. Mbelgiji Dieudonné Saive akaimaliza. Hubeba risasi 13 za milimita 9 katika magazini yake. Mpini wake ulijaa kiganjani kama mkono wa rafiki wa siku nyingi. Nilipiga risasi kumi, saba zikaingia katika duara la kati. Kijana wangu akapiga makofi.

Ya pili ilikuwa Glock 17 ya Austria, iliyotokea mwaka 1982. Sehemu yake ya chini ni ya plastiki ngumu, na bila magazini uzito wake ni kama gramu 630 tu. Hubeba risasi 17. Ni nyepesi, haina makuu, na kifyatulio chake huvutwa kwa namna ileile kila mara. Ila haina kinyundo kinachoonekana nje, wala kizuizi cha usalama cha kusukuma kwa kidole gumba, kwani vizuizi vyake vimo ndani na katika kifyatulio chenyewe. Aliyeizoea huipenda. Asiyeijua hawezi kutambua kwa kuitazama kwa mbali kama iko tayari kulia.

Ya tatu ilipowekwa mezani, mkono wangu ukawa mzito. Ilikuwa Tokarev ya Kirusi, ya muundo wa mwaka 1933. Ni nyembamba, ina risasi 8 za milimita 7.62, ndogo lakini zenye kasi kuliko zile za Browning. Mwalimu akauliza kama nimepata kuitumia. Nikajibu ndiyo. Nilipiga mara mbili tu, kisha nikaiweka chini. Kijana akaniuliza, "Baba, umechoka?" Nikamwambia, "Sikuchoka, mwanangu. Keti, nina deni lako."

Nikamsimulia. Browning ile ya zamani ina kizuizi kimoja cha ajabu: ukichomoa magazini, kifyatulio hakifanyi kazi, hata kama risasi imebaki ndani ya chemba. Mimi nililijua hilo, nikalifanya mazoea. Kila jioni nilipofika nyumbani Rumonge nilichomoa magazini, nikaelekeza bastola ukutani, nikabonyeza. Kimya. Nilifanya hivyo mbele ya mke wangu ili kumwondolea hofu. "Umeona? Imekufa," nilimwambia.

Kisha nikabadilishiwa silaha, nikapewa Tokarev. Usiku ule tuliwafuatia wezi wa nyavu ufukoni. Ziwani taa za wavuvi wa ndagala zilikuwa zimewaka kama mji unaoelea. Niliikoki bastola tayari kwa lolote, wezi wakapotea katika michikichi, nami nikairudisha katika mkoba wake bila kuitoa ile risasi ya chemba. Tokarev hiyo haikuwa na kizuizi cha kidole gumba, wala haikuwa na kile cha magazini. Nilipofika nyumbani nikafanya kama nilivyozoea: nikachomoa magazini, nikaelekeza ukutani, nikabonyeza.

Mlio ulijaza chumba. Penye ukuta ule palikuwa na debe la mawese juu ya meza, na chini ya meza, juu ya mkeka, alilala mtoto wetu wa miaka mitano. Risasi ililitoboa debe ikazama katika tofali, shubiri mbili juu ya kichwa chake. Mafuta mekundu yakamtiririkia kichwani na kifuani. Mama yake alimwona katika mwanga wa kandili, akapiga ukelele ambao hata leo nausikia. Alimnyanyua, akampangusa kwa kanga yake, akitafuta jeraha. Hakuliona. Mtoto alikuwa analia kwa kushtuka tu.

Asubuhi tulimwambia mtoto kwamba debe lilianguka. Nami kazini nikaandika kwamba risasi iliyopungua niliipiga hewani kuwatisha wezi. Huo ulikuwa uongo, na aliyeutunga ni mimi.

Kijana wangu alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Nakumbuka harufu ya mawese, Baba. Sikujua kwa nini Mama hakuliweka debe tena chumbani." Akaishika Tokarev, akachomoa magazini, akavuta sehemu ya juu nyuma, akatazama ndani ya chemba, akanionyesha nami nitazame. Hakuongeza neno.

Ndugu msomaji, mwalimu aliponiuliza ipi ni bora kati ya zile tatu, jibu langu lilikuwa hili: bora ni ile ambayo mwenye nayo hakudhani kuwa ni tupu, bali ametazama. Kila bastola ina tabia yake, na mazoea ya moja yaweza kuua kwa nyingine. Hata jina halitoshi kukuongoza: High Power mpya iliyotolewa kwa jina la FN mwaka 2022 haina kile kizuizi cha magazini. Polisi anayemnyang'anya mhalifu silaha asiyoijua na ayakumbuke haya.

Utaratibu ni mfupi. Elekeza mtutu mahali pasipo na mtu, kidole kikiwa nje ya kifyatulio. Chomoa magazini kwanza, ndipo uvute sehemu ya juu nyuma; ukiivuta kabla hujachomoa magazini, ukiachia utakuwa umeingiza risasi mpya. Tazama chemba kwa macho, kisha ipapase kwa kidole. Usibonyeze kifyatulio ili kumthibitishia mtu kwamba silaha ni tupu. Nyumbani, silaha ifungiwe peke yake na risasi peke yake. Na utokapo kwenye shabaha, nawa mikono na ubadili nguo kabla ya kumpakata mtoto, kwa sababu vumbi la risasi lina madini ya risasi ambayo ni sumu kwa watoto.

Nanyi kina mama, mume aingiapo na silaha mnayo haki ya kumwuliza, "Umetazama chemba?" Asikasirike. Mke wangu hakuniuliza usiku ule, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nimemfundisha kuamini kwamba imekufa.