Stendi ya klarineti: miguu 3 haitoshi

Leo hakuna Java wala hifadhidata. Leo ni klarineti, ila msikimbie, hesabu zipo.

Mjomba wangu hapa Malindi vidole vimekakamaa, hawezi tena kupuliza, kwa hiyo amenikabidhi klarineti yake. Ameniambia neno moja tu: "Mjomba, hii ikianguka hainunuliki tena." Kweli. Klarineti nzuri huchongwa kwa mpingo, mti wa huku kwetu Afrika unaochukua miongo mingi kukomaa. Mbao zake ni ngumu na nzito, lakini zikipiga sakafu ya saruji zaweza kupasuka, na vitufe vya chuma hupinda. Kwa hiyo stendi si pambo.

Stendi nyingi madukani zina miguu 3 ya kukunja. Tatizo ni kwamba klarineti haiangukii upande wenye mguu, huangukia pale katikati ya miguu miwili. Kwa miguu 3, nafasi ya pale ni nusu tu ya urefu wa mguu. Nilitafuta kitovu cha uzito kwa kuilaza klarineti juu ya kidole mpaka ikalingana. Ikisimama kwenye stendi, kitovu hicho kiko kama sentimita 30 kutoka sakafuni. Tuseme mguu una sentimita 12. Klarineti itaanguka ikiinama hivi:

- miguu 3: digrii 11
- miguu 4: digrii 16
- miguu 5: digrii 18
- kitako cha duara: digrii 22

Digrii 11 ni kazi ya paka mmoja, au pazia likipigwa na upepo wa kusi.

Tena huku pwani kuna chumvi. Chuma cha bei rahisi hushika kutu upesi, na kutu sitaki iguse mpingo.

Uamuzi wangu: nilimwendea fundi mchongaji anichongee kitako cha duara cha mwarobaini, upana sentimita 24, na kigingi kilichochongoka katikati, kimevikwa kitambaa laini. Mwarobaini umejaa kila mtaa hapa, na uzito wa kitako unakishusha chini kile kitovu. Hakikunjiki, lakini nyumbani hakuna haja ya kukunja. Ukisafiri kwa matatu kwenda kupiga Kilifi au Mombasa, chukua ya plastiki yenye miguu 5.

Neno la mwisho: stendi ni ya kupumzishia kati ya nyimbo, si kitanda. Ukimaliza kupiga, futa unyevu ndani, rudisha kwenye sanduku. Upepo wa feni ukiukausha mpingo upande mmoja usiku kucha, ufa unaweza kuja hata bila kuanguka.

Mwenye zumari, saksafoni au filimbi, piga hesabu yako uniambie umepata digrii ngapi.