Tulikwenda Singida Kuamua Habari ya Njiwa

Ukifika Singida kwa mara ya kwanza, jambo utakalolikumbuka ni mawe. Yapo makubwa kuliko nyumba, yamekaa juu ya mengine kana kwamba kuna mtu aliyeyapanga kisha akaenda zake. La pili ni upepo, unaovuma tangu asubuhi na kupeperusha kanga kwenye kamba. Na la tatu, kwetu sisi tulioshuka basi jioni ile tukiwa na vumbi hadi kwenye nyusi, ni njiwa.

Safari yetu ilianzia Dar es Salaam. Tulipanda treni ya umeme hadi Dodoma, ile iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, na kutoka hapo tukapanda basi. Tulipita Bahi penye majaruba ya mpunga, tukakwea mlima wa Saranda polepole, tukala mahindi ya kuchoma Manyoni, kisha Ikungi, na hatimaye tukaiona Singida na ziwa lake la Singidani likimetameta. Maji ya ziwa hilo ni ya chumvi, na tangu zamani ndege aina ya heroe hulipenda.

Lakini hatukwenda kutazama ziwa. Tulitumwa na ukoo.

UJUMBE TULIOUBEBA

Mama Mkubwa wetu na mumewe, ambaye sisi humwita Baba Mkubwa na watoto humwita Babu, wanaishi nje kidogo ya mji. Wote wawili ni walimu wastaafu. Wanalea mjukuu wa kiume mwenye umri wa miaka kumi, mtoto wa dada yetu aliyefariki Dar es Salaam miaka minne iliyopita. Mtoto huyo alipofika Singida alikuwa hasemi na mtu. Kila jioni alikwenda kukaa kando ya barabara kuu akiyatazama mabasi yaendayo Dodoma. Bibi yake alimfuata kila siku, akaketi naye, na giza lilipoingia wakarudi nyumbani pamoja. Ilikuwa hivyo kwa muda wa miezi mingi.

Ndipo jirani mmoja alipomletea makinda mawili ya njiwa ndani ya kikapu. Kuanzia siku ile mtoto alikuwa na sababu ya kuwahi kurudi nyumbani.

Tulipofika sisi, njiwa walikuwa ishirini na wanne. Na Baba Mkubwa alikuwa mgonjwa wa kifua. Kwa miezi mitano alikohoa kikohozi kikavu, akipata homa nyakati za jioni na kuishiwa pumzi akitoka kisimani. Watu walidhani ni kifua kikuu, lakini makohozi yalipopimwa hayakuonyesha ugonjwa huo. Hatimaye daktari alimwuliza swali ambalo hakuna aliyelitegemea: "Mzee, mnafuga nini nyumbani?"

Tuliposikia hayo kule Dar es Salaam, ukoo ulikutana na kukata shauri mara moja. Njiwa wauzwe, na mtoto aje akae na sisi mama zake wadogo. Tulitumwa kulifikisha shauri hilo. Na tukiri, tuliona tunafanya jambo jema.

MWALIMU WA MIAKA KUMI

"Shikamoo, mama wadogo," mtoto alitusalimu, kisha akauliza kama tumekwisha kuwaona njiwa. Hatukupewa hata nafasi ya kunawa miguu.

Maboksi ya mbao yalikuwa yametundikwa upenuni, safu mbili, na ndani yake njiwa walilia kwa sauti yao nene ya kooni. Weupe, wa kijivu, wenye madoa ya kahawia. Mmoja alishuka akamkalia mtoto begani, akamdonoa sikio. Yule mtoto tuliyeambiwa kwamba hasemi alizungumza kwa saa nzima.

Alitueleza kwamba njiwa jike hutaga mayai mawili, la pili likichelewa kama siku mbili baada ya la kwanza. Huatamiwa kwa siku 17 au 18. Jike hulala juu ya mayai usiku kucha, na kukipambazuka vizuri dume huja kumpokea, akakaa hadi alasiri. Makinda huanguliwa yakiwa hayaoni, yana manyoya machache ya njano. Hapo ndipo likaja jambo lililotushangaza. Siku za kwanza makinda hayali nafaka. Hulishwa kitu kama maziwa mazito kinachotengenezwa ndani ya gole, yaani ule mfuko ulioko shingoni mwa ndege. Na maziwa hayo hutoka kwa wote wawili, mama na baba.

"Baba naye ananyonyesha?" tuliuliza.

"Anacheua, halafu anawalisha," mtoto alisahihisha, kama mwalimu.

Baba Mkubwa, aliyekuwa ameketi mbali kidogo na blanketi mabegani, alicheka mpaka akakohoa. Alisema kama akina baba wote wangekuwa hivyo, akina mama wasingekuwa na la kusema katika vikao vyao.

Tulijifunza pia kwamba njiwa hunywa maji kwa kufyonza pasipo kuinua kichwa kama afanyavyo kuku, kwa hiyo chombo chao kiwe na kina cha kutosha kuzamisha mdomo. Wanakula mtama, uwele, kunde, choroko na mahindi yaliyovunjwa. Nafaka yenye ukungu wasipewe kamwe. Wanahitaji changarawe ndogo, kwa maana hawana meno na firigisi ndiyo husaga chakula. Dume na jike wakipatana huwa hawaachani kwa urahisi, na jozi iliyotunzwa vizuri huweza kuishi miaka kumi na zaidi.

Usiku, baada ya sala, Baba Mkubwa alitukumbusha kwamba Mariamu na Yusufu walipompeleka mtoto Yesu hekaluni, sadaka yao ilikuwa ile ambayo torati ilimruhusu mama asiyeweza kupata mwana-kondoo: ndege wawili, hua au makinda ya njiwa. "Ni ndege wa nyumba ndogo," alisema. Tulitazamana. Ujumbe wa ukoo ulikuwa bado haujatoka midomoni mwetu.

KILICHOMDHURU BABU

Asubuhi tuliamka mapema, na tukaona wenyewe jinsi mambo yalivyokuwa. Maboksi yalikuwa juu ya dirisha la chumba alicholala Baba Mkubwa. Mtoto alipokwenda shule, yeye ndiye aliyefagia kinyesi kikavu kila siku, bila kitambaa usoni, na upepo wa Singida ukalirudisha vumbi lote puani mwake. Tena bati lililochafuliwa na njiwa ndilo lililokinga maji ya mvua kwenda kwenye tangi la nyumba.

Daktari alikuwa amemweleza kwamba vumbi la kinyesi na manyoya ya njiwa, likivutwa kwa muda mrefu, huweza kuyadhuru mapafu ya watu wengine, na kwamba dawa ya kwanza ni kujitenga nalo. Asiende tena bandani, arudi kupimwa baada ya miezi mitatu, na ikiwa hana nafuu basi njiwa waondoke kabisa.

Mama Mkubwa alikuwa amekwisha kujaribu kuwapunguza. Alimpa jirani njiwa sita. Jirani aliwaweka siku mbili, akawafungulia, na kabla ya jua kuzama wote sita walikuwa upenuni pa nyumba ile ile.

Ndivyo njiwa alivyo. Akishajua nyumbani kwake, hurudi. Tangu kale watu walitumia tabia hiyo kupeleka barua. Mwaka 1850, Paul Julius Reuter alipeleka habari kwa njiwa kati ya Aachen, Ujerumani, na Brussels, Ubelgiji, kwa sababu waya wa simu ulikuwa haujaiunganisha miji hiyo. Wataalamu wanasema njiwa huongozwa na jua, na nguvu ya sumaku ya dunia, na harufu, na pia alama za nchi kama barabara na mito.

"Kinda ambalo halijaruka bado, unaweza kulihamisha," Mama Mkubwa alituambia akipepeta mtama. "Litapajua kwenu kuwa ndiyo kwao. Lakini aliyekwisha kuruka na kupajua kwao, huyo ni kazi. Utamfungia wiki nyingi, na bado moyo wake uko kule." Aliacha kupepeta akatazama upande wa barabara. "Huyu mtoto nilimpokea akiwa amekwisha kuruka. Sasa ndiyo kwanza ametua."

Hakusema zaidi. Hakuwa na haja.

KAZI YA SIKU SITA

Tuliwaita wote, pamoja na mtoto, tukautoa ujumbe tuliotumwa. Mtoto hakulia. Aliuliza jambo moja tu: "Mkinichukua, nani atawafungulia asubuhi?" Kisha akamgeukia babu yake akasema kwamba kama ni njiwa wanaomwumiza, waondoke wote, hata leo. Ni Baba Mkubwa aliyekataa. Alisema daktari hakumwambia hivyo, alimwambia ajitenge.

Basi tukakubaliana njia ya katikati, kwa masharti ya daktari. Tulipiga simu kwa wazee Dar es Salaam, na baada ya maneno mengi walikubali tujaribu kwa miezi mitatu.

Fundi alijenga banda jipya mwisho wa kiwanja, karibu na jiwe kubwa, mahali ambapo upepo hutoka nyumbani kwenda bandani wala si kinyume. Lilisimama juu ya nguzo nne zilizovikwa bati ili paka na nyoka wasipande. Kila jozi ilipewa vyumba viwili, kwa maana mara nyingi jike hutaga tena kabla makinda ya kwanza hayajaruka. Pale upenuni tuliziba kwa wavu. Tangi tulilimwaga na kulisugua.

Kufagia kulikuwa zamu yetu. Tulivaa barakoa, tukamwagia maji kinyesi kwanza ili vumbi lisiruke, kisha tukakifukia shimoni pamoja na majani makavu kiwe mbolea. Mtoto naye akafundishwa hivyo, na kunawa kwa sabuni kila amalizapo.

Kupunguza njiwa ndiko kulikokuwa kugumu. Mtoto alichagua jozi nne za kubaki. Makinda manne yaliyokuwa yameanza kujilisha lakini hayajaruka yalikwenda kwa watoto wa jirani wawili. Waliobaki, kumi na wawili, walinunuliwa na mfugaji wa Manyoni, zaidi ya kilometa 100 kutoka pale, ambaye aliahidi kuwafungia ndani. Mtoto aliwabeba mmoja mmoja kuwatia kwenye tenga, akawahesabu mara mbili, kisha akaenda nyuma ya jiwe na akakaa huko peke yake. Bibi yake alimfuata, kama alivyomfuata zamani kule barabarani.

Wale wanane tuliwahamisha usiku, maana gizani njiwa hutulia. Asubuhi mmoja alituponyoka mlangoni. Alizunguka juu mara moja, akaenda moja kwa moja kwenye wavu wa upenuni, akaning'inia hapo. Tulimkamata jioni. Wakafungiwa wote kwa wiki tatu wakiitazama nchi kupitia waya, na sharti likawa kwamba siku ya kwanza wafunguliwe jioni kabla ya kulishwa, ili njaa iwarudishe upesi.

Tuliondoka kabla ya siku hiyo. Tuliondoka wawili, kama tulivyokuja.

SIMU KUTOKA SINGIDA

Mpenzi msomaji, kama watoto wako wanataka njiwa, usiwakatalie upesi. Anza na jozi moja au mbili changa. Banda liwe mbali na madirisha, jiko na tangi la maji. Kinyesi kisifagiwe kikavu. Mwenye pumu au kifua kibovu asikaribie, na mtu akianza kukohoa bila sababu, mwambieni daktari kwamba mnafuga njiwa. Hilo moja tu lingetuokolea miezi mitano.

Na kama kuna mtoto wa marehemu katika ukoo wenu, kabla hamjakaa kikao cha kumhamisha, nendeni kwanza mkamwone anapoishi. Sisi tulitumwa kuamua habari ya njiwa, na tulikaribia kumng'oa mtoto kwa mara ya pili.

Miezi mitatu ilipotimia Baba Mkubwa alipimwa. Homa imekoma, na anakwenda kisimani bila kupumzika njiani, ingawa daktari bado anataka kumwona kila baada ya muda. Njiwa wanalala bandani.

Wiki iliyopita Mama Mkubwa alitupigia simu usiku. Tulishtuka, maana simu za usiku tunazijua. Kumbe alikuwa anacheka. Njiwa mmoja wa kahawia, dume, amerudi kutoka Manyoni peke yake. Mtoto alimkuta alfajiri juu ya banda.

"Sasa mtafanyaje?" tuliuliza. "Mlikubaliana wanane."

"Tutakuwa na tisa," alijibu. "Aliyerudi nyumbani kwa mabawa yake mwenyewe, nani atamfukuza?"