Nilivyouza Pedali Nzima kwa Bei ya Mbovu

Niliuza pedali nzima nikamwambia mnunuzi kwamba ni mbovu. Sikukusudia kudanganya, niliamini hivyo. Ila sikuwahi kuzichomeka peke yake nikaona.

Kama nawe unarusha ndege kwenye kompyuta, unajua jinsi mambo haya yanavyoanza. Mtu huanza na kibodi, akanunua jostiki, halafu wenzo wa gesi, halafu pedali za miguu, halafu paneli ya swichi yenye vitaa vya kijani vya magurudumu. Kila kimoja huja na waya wake wa USB, na matundu ya kompyuta hayaongezeki. Nikaenda Kariakoo kununua habu ya matundu saba. Muuzaji akaniuliza, "Kaka, nikupe yenye adapta au isiyo na adapta?" Nikauliza bei. Yenye adapta ilikuwa ghali zaidi, nami pedali zilikuwa zimenikausha. Nikachukua isiyo na adapta. Kosa langu lilifanyika pale dukani, na mengi niliyofanya baadaye yalikuwa kulitetea.

Niliichukulia habu kama ekstensheni ya ukutani: tundu moja limekuwa saba, kazi imekwisha. Ajabu ni kwamba hata ekstensheni siiamini hivyo. Siwezi kuchomekea pasi, birika na jiko la umeme kwenye ekstensheni moja, maana nimekatazwa tangu utotoni. Lakini vifaa vya USB ni vidogo, vyepesi, na havichomi mkono. Nikachomeka vyote vinne. Matundu yaliyobaki nikaona yanapotea bure, nikaweka waya wa kuchajia simu. Na kwa kuwa chumba changu kina joto la Dar es Salaam na hakina kiyoyozi, nikaweka na feni ndogo ya mezani.

Angani mambo yalikwenda vizuri. Naondoka Dar na ndege aina ya Baron, navuka bahari kuelekea Zanzibar, kila kitu kinatii. Shida ilikuja wakati wa kutua. Uwanja ukishaonekana mbele, nimeshusha magurudumu, pua ya ndege inavutwa pembeni ghafla, pedali hazisikii mguu, halafu baada ya muda kidogo zinarudi kama hakuna kilichotokea. Niliishia kwenye nyasi mara nyingi kuliko kwenye lami.

Nikaamua kwamba pedali ni mbovu, kwa hoja iliyoonekana safi kabisa: kutua ndipo ninapozitumia zaidi, na kutua ndipo zinapokosea. Nikazikalibreti upya. Nikaongeza eneo la katikati lisilosikia mguu. Nikazifungua na kusafisha ndani. Nikafuta programu na kuiweka tena, nikachoma bando la intaneti la kutosha familia nzima. Habu sikuigusa. Ilikuwa chini ya meza, taa yake inawaka, na kwangu taa inayowaka ilimaanisha kitu kizima.

Kisha nikafanya mambo mawili ambayo hayahusu umeme. Nilimwandikia mtu aliyeniuzia pedali nikamwambia ameniuzia takataka. Na nikawaonya wenzangu wasinunue pedali za aina ile. Baadaye nikaziuza kwa kijana mmoja kwa theluthi ya bei niliyonunulia, kwa ahadi kwamba atazitoa vipuri.

Aliponipigia simu nilidhani anataka kurudishiwa hela. "Shikamoo, kaka. Zile pedali mbona nzima?" Nikamwambia asubiri atue. Akasema ameshatua sana. Nikamuuliza amezichomeka wapi. "Nyuma ya kompyuta, moja kwa moja. Kwani wewe ulikuwa unachomeka wapi?"

Sikumjibu vizuri. Nilikata simu bado najitetea moyoni, kwamba labda yeye hasikii tofauti. Lakini wakati huo wenzo wangu wa gesi nao ulikuwa umeanza kukatika, na nilikuwa nimeshaanza kuutafutia mnunuzi. Nikawasha kompyuta, nikazima sauti ya injini, nikaruka tena. Nikakaribia kutua, jasho likanitoka kama kawaida, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye feni ukaipandisha hadi mwisho. Magurudumu yakagusa lami, mota ndogo ndani ya jostiki ikaanza kutetema. Hapo nikasikia ule mlio wa sauti mbili zinazoshuka, ambao Windows huutoa kifaa kinapochomolewa. Nilikuwa peke yangu chumbani na hakuna aliyechomoa kitu. Siku zote injini ya ndege ilikuwa imeufunika.

Nikaangalia feni. Nikaangalia chini ya meza. Nilijua kabla ya kujaribu.

Hesabu yenyewe haihitaji fundi. Tundu la USB 2.0 huahidi miliampea 500 kwa volti 5, na habu isiyo na adapta hula sehemu yake kwanza, halafu kinachobaki ndicho kinachogawanywa. Kwa kanuni, kila tundu la habu kama hiyo ni la kutegemewa kwa miliampea 100 tu. Feni ya aina ile peke yake inaweza kumeza karibu 500 zote, tena bila kuomba ruhusa kwa kompyuta. Jostiki ikianza kutetema, volti zinaporomoka, na kifaa kinachoshindwa kuvumilia kinazimika na kuwaka upya. Mara nyingi zilikuwa pedali. Data haikuwa tatizo kamwe. Vifaa hivi hutuma herufi chache tu.

Nilinunua habu yenye adapta, ile ile niliyoikataa. Feni na simu nikazihamishia ukutani. Kwenye mipangilio ya Windows nikaondoa ruhusa ya kuzima vifaa vya USB ili kuokoa umeme. Kila waya sasa una tundu lake la kudumu, kwa sababu ukiuhamisha, programu inaweza kukiona kifaa ni kigeni na kukudai upange vitufe vyote upya. Hakijakatika kitu tena.

Kijana nilimwomba aniuzie pedali zangu. Akacheka, akakataa, na ana haki. Nimenunua nyingine kwa bei kamili, za aina ile ile niliyokuwa nikiisema vibaya. Aliyeniuzia zile za kwanza nilimwomba radhi. Alijibu "sawa," na tangu hapo hanitafuti. Mmoja wa wale niliowaonya alikuwa ameshanunua pedali za aina nyingine kwa neno langu, na hazipendi.

Nawe siku kifaa chako cha bei kikianza wazimu, usianze kukifungua. Kichomeke peke yake nyuma ya kompyuta kwa jioni moja. Kikitulia, mshtaki chochote kilichokuwa katikati, hasa kile ulichokinunua kwa sababu kilikuwa rahisi.