Kompyuta Iliyosahau

Windows 10 iliachwa na watengenezaji wake tarehe 14 Oktoba, 2025, nazo kompyuta nyingi kuukuu hazikubaliwi na Windows 11. Kaka yangu hapa Kyela alinipa moja ya namna hiyo nijisomee, nikaitia Linux Mint. Leo yawaka, kesho yagoma, hasa umeme ukikatika. Kaka akataka kuiuza chuma chakavu. Nikatazama saa yake: yasema mwaka 2012! Ndipo nilipofahamu. Ndani mna betri ndogo kama sarafu, itunzayo saa na mpangilio wa kuwaka. Ikifa, kompyuta husahau yote. Fundi aliibadili, nikaupanga upya mpangilio, haikugoma tena. Wenzangu, kabla hamjatupa chombo, kwanza kitazameni saa.